Simu Si Mshtakiwa wa Kwanza

Hoja inayorudiwa katika majarida ya Kikristo inadai kuwa muumini wa leo hatulii mbele za Mungu kwa sababu ya simu. Aizime, apande mlimani kufunga, na sala itarudi. Nia ni njema, lakini aliyeshtakiwa siye.

Mtawa Evagrio wa Ponto alifariki mwaka 399 katika jangwa la Misri. Hakuwa na simu wala duka, na bado aliandika kwa kirefu juu ya mawazo yanayomvamia mtawa anaposali. Baada yake mtawa Yohane Kasiano alifundisha kurudia mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule wa kuomba msaada upesi, hata mtu akiwa kazini au kitandani.

Ndugu Lawrence wa Paris, katika karne ya 17, anaibomoa hoja hiyo kabisa. Askari huyu wa zamani, mwenye mguu mbovu, alipangiwa jiko la watawa Wakarmeli, kazi asiyoipenda kwa asili. Alidumu humo miaka mingi. Hapo hapo, kati ya masufuria na watu wanaoitana, alizungumza na Mungu. Mawazo yakitoroka, aliyarudisha kwa upole.

Ushauri wa mlimani unamwacha nje mama ntilie anayewasha moto kabla ya alfajiri. Yeye hana mlima!

Simu na izimwe wakati wa ibada, sawa. Ila wachungaji wamfundishe mama huyo sala fupi ya kusema huku akisonga ugali.