Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nasi twaitumia methali hiyo tukihimizana kujenga shule au kuchimba mtaro. Juma hili nataka tuigeuze upande wa pili. Uovu nao hautendeki kwa kidole kimoja. Wataka vidole vingi, na vingi katika hivyo ni vya watu wema, waendao kanisani au msikitini, wawalipiao watoto karo, wasiomtukana jirani. Naanza na changu mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja. Siku yangu ya pili mkubwa wangu aliniita kando akaniambia, "Karani, kila gunia punguza kilo 2. Ndiyo desturi ya hapa, kwa ajili ya maji na takataka." Nilijua si kwa ajili ya maji, maana hata kahawa iliyoletwa siku ya jua kali, ikiwa imechambuliwa vizuri, ilipunguzwa vilevile. Nikapunguza. Siku ya magunia 200, kilo 400 zilikuwa zimewatoka wenyewe bila mtu kuvunja mlango. Hata moja haikuingia nyumbani kwangu. Nilipata mshahara wangu tu, nikalala usingizi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeleta gunia lake mgongoni. Jioni moja mizani ilisema 42, nami nikaandika 40. Hakujua kusoma. Aliipokea stakabadhi kwa mikono miwili, akaifunga katika pindo la leso, akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Nimempunguzia, naye aniombea nizidishiwe! Neno hilo sijalisahau hata leo.

Tangu hapo nazisoma habari za kipande kwa macho mengine. Vijana wetu huenda hawakijui, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ambayo wengi waliitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Humo liliandikwa jina lake, kabila lake, tajiri aliyemwajiri, kazi yake, na mshahara aliopata. Akiondoka kazini kabla tajiri hajatia sahihi, hakuweza kuandikwa mahali pengine, naye alitafutwa na kushtakiwa kama mtoro. Tena tajiri mpya, akiisha kuona mshahara wa zamani, hakuwa na haja ya kumlipa zaidi.

Sasa tuulize, ni nani aliyekishika kipande hicho kisianguke? Waliotunga sheria walikuwa wachache, nao walitaka vibarua wa mashamba ya walowezi. Hatia yao ni kubwa, wala siipunguzi hata chembe. Lakini wachache hao wasingeweza kuitembeza sheria yao nchi nzima kwa miguu yao wenyewe. Palikuwa na karani wa kuandika, na askari wa kusimama njiani na kusema, "Lete kipande." Palikuwa na mnyapara wa kupeleka habari kwamba fulani hakuonekana asubuhi, na jirani wa kuonyesha nyumba alimojificha. Wengi wao walikuwa Waafrika wenzetu. Ungalimwuliza mmoja wao, angalikujibu, "Mimi sikutunga sheria." Angesema kweli. Lakini bila wao sheria ile ingalibaki karatasi sandukuni.

Msomaji atasema, "Walikuwa na kodi ya kulipa na watoto wa kulisha." Naam, ndiyo sababu sisemi kwamba hatia yao ilikuwa sawa na ya waliowatuma. Pia yuko atendaye kwa kukabwa koo, na yuko aongezaye teke ambalo hakuagizwa. Hawa wawili tusiwapime kwa mizani moja.

Wako pia walioondoa mkono wao. Harry Thuku alikuwa mtumishi wa serikali mjini Nairobi, akiendesha simu katika ofisi ya Hazina. Mwaka 1921 aliongoza watu kupinga kipande, kodi iliyopandishwa na mishahara iliyopunguzwa. Kazi ikamtoka. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na siku mbili baadaye polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika kumdai. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Thuku akapelekwa Kismayu, akakaa mbali na kwao miaka ipatayo minane. Kipande chenyewe kiliendelea mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya mwaka 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa mataifa yote.

Si kila mtu awezaye kulipa bei hiyo, wala simwamuru mtu ailipe. Lakini kati ya Thuku na mizani yangu pana nafasi kubwa, nami sikusogea hata hatua moja. Ningaliweza kukataa kuuita wizi desturi, japo moyoni mwangu. Ningaliweza kumwuliza mkubwa wangu mbele ya wenzangu kilo zile zaenda wapi. Ningaliweza kumwambia mjane yule kwa sauti ya chini, "Mama, mizani imesema 42." Maneno manne tu, na pengine kesho yake angalikuja na mwanawe ajuaye kusoma.

Basi, karani mwenzangu, ukiambiwa uifiche faili ya mtu mpaka atoe chochote, jua kwamba aliyekuagiza hana mkono pale ila wako. Nawe mkulima, ukiuziwa usiku mbolea kwa nusu ya bei, usiseme hukuiba wewe. Uliza imetoka wapi.

Mimi niliacha kupunguza kilo zile siku nilipohamishwa, si kwa ushujaa. Nilipopata moyo wa kurudi kumtafuta mama yule, nilionyeshwa kaburi lake. Deni lile sina tena wa kumlipa, ndiyo maana nimewaandikia ninyi.

Ni mimi wenu,
Karani Mstaafu