Kompyuta ya ICU ipimwe kwa uhai wa mgonjwa

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inatujia kila tunaposikia hospitali za huku Marekani zikijigamba kwamba zimenunua mfumo mpya wa kompyuta kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Bei inatajwa, picha zinapigwa, wakubwa wanapongezana. Swali moja ndilo husahaulika: yule muuguzi anayekesha kando ya kitanda anasemaje?

Tueleweke vizuri. Hatupingi kompyuta. Mwandiko mbaya wa daktari ni hatari, kwani nukta moja isiposomeka mgonjwa anaweza kupewa dawa mara kumi ya kipimo chake. Mfumo mzuri humwonya daktari dozi inapozidi, au mgonjwa anapokuwa na dawa inayomdhuru. Tunachokataa ni dhana kwamba kitu kikishanunuliwa basi kimeshafanya kazi.

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi Oktoba 2002, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, ilianza kuagiza dawa kwa kompyuta. Hospitali nzima iliingizwa katika mfumo huo kwa muda wa siku 6 tu. Mwaka 2005 madaktari wa hapo hapo walichapisha katika jarida la Pediatrics hesabu za watoto 1,942 waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine wakiwa katika hali mbaya. Kabla ya mfumo, waliofariki walikuwa asilimia 2.80. Katika miezi 5 iliyofuata, walikuwa asilimia 6.57.

Kulitokea nini? Zamani, mtoto akiwa bado njiani, daktari aliagiza dawa na wauguzi wakaziandaa, hivyo akifika anakuta kila kitu tayari. Mfumo mpya haukukubali agizo lolote mpaka mtoto afike na jina lake liandikishwe. Agizo lililoandikwa kwa kalamu kwa sekunde chache likawa linachukua dakika moja hadi mbili za kubonyeza. Dawa zilizokuwa karibu na wagonjwa zikapelekwa kwenye famasi kuu. Muuguzi akalazimika kuacha kitanda na kwenda kwenye kompyuta. Kwa mgonjwa wa kawaida dakika mbili si kitu. Kwa mtoto ambaye moyo wake unasita, dakika mbili ni maisha.

Wako waliosema basi kompyuta ni mkosi. Sivyo. Hospitali ya watoto ya Seattle ilianza kutumia mfumo wa namna hiyo hiyo mwaka 2003, na utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba vifo katika ICU yake havikuongezeka. Wao walitayarisha mapema orodha za maagizo yanayohitajika mara kwa mara, ili daktari asihangaike kutafuta dawa moja moja. Mwaka 2010 hospitali ya watoto ya Stanford, California, ilieleza kwamba baada ya kuanza kutumia kompyuta vifo vyake vilipungua kwa asilimia 20. Kwa hiyo mashine peke yake haisifiwi wala hailaumiwi. Kinachoamua ni namna ilivyoletwa, na nani alisikilizwa kabla ya kuwashwa.

Ndiyo maana tunasema mambo matatu. Kwanza, hospitali ipime kabla na baada: agizo linachukua muda gani, dawa inamfikia mgonjwa baada ya dakika ngapi, na wangapi wanafariki. Pittsburgh ilipata ujasiri wa kutangaza hesabu zake, na wengine wakajifunza. Pili, wauguzi wakae kwenye meza ya maamuzi tangu siku ya kwanza. Tatu, karatasi zisitupwe. Julai 2022, joto la London lilipofika nyuzi 40, kompyuta za hospitali za Guy's na St Thomas' zilizimika, na wafanyakazi wakarudi kwenye kalamu.

Jambo hili linatuhusu sana. Dada na kaka zetu wengi wanafanya kazi ya uuguzi katika hospitali za Marekani na Uingereza. Tukikutana kwenye harusi au msibani wanatusimulia jinsi mfumo fulani unavyowachelewesha, lakini kazini wananyamaza kwa kuogopa kuonekana wagumu wa kujifunza. Tunawaambia: semeni, tena kwa maandishi, mkitaja saa na dakika. Na nyumbani nako hospitali zinaacha mafaili na kuingia kwenye kompyuta. Wanaonunua huko wasidanganywe na kioo kinachong'aa. Kabla ya kutia saini, wamwite muuguzi wa zamu ya usiku, wamkalishe mbele ya hiyo kompyuta, kisha wahesabu dakika.