Nani ametengeneza bomba linalobeba taarifa za mwanao?

Ukimpeleka mtoto kliniki, iwe Bunda, Butiama au hapa Musoma, muuguzi huandika jambo lile lile zaidi ya mara moja. Ataandika kwenye kadi unayorudi nayo nyumbani, ataandika kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA namba 7, na siku hizi vituo vingi vina kompyuta au kishikwambi cha kujaza pia. Mwezi ukiisha, mistari ya kile kitabu hujumlishwa, hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, ambamo mkoa na wizara huona watoto wangapi wamechanjwa.

Wazazi wengi hulalamikia foleni. Leo naomba tuzungumzie kitu usichokiona ukiwa kwenye foleni: njia ambayo taarifa hizo hupita kutoka daftari moja kwenda jingine, na nani anafaa kuijenga.

Zamani jibu lilikuwa moja: mhandisi wa programu. Sasa zipo zana ambazo hazikutaki uandike hata mstari mmoja wa kodi. Unaburuta kisanduku, unakiunganisha na kingine kwa mshale, unabonyeza, orodha mbili zinakuwa moja. Mtakwimu wa hospitali anaweza kuimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Wapo wanaosema wahandisi sasa hawahitajiki. Wapo pia wahandisi wanaotaka kila kitu waachiwe wao. Mimi ni daktari, siandiki programu, lakini bomba likivuja mgonjwa huja mezani kwangu.

Nianze na wasio wahandisi, maana ndio wanaodharauliwa. DHIS2 yenyewe inawatetea. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya katikati ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kisha ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwetu ilienea nchi nzima kufikia mwaka 2013, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihusika kwa karibu. Ni kweli iliandikwa na wahandisi, lakini waliiandika kwa namna ambayo mtu wa afya asiyejua kodi anaweza kuongeza fomu, kuweka kiashiria kipya na kuchora ramani ya malaria ya wilaya yake.

Kuna muuguzi ninayemfahamu aliyejitengenezea fomu ya simu kwa KoboToolbox ili kujua ni vitongoji gani wajawazito huchelewa kuanza kliniki. Hakumsubiri mtu. Aligundua kwamba kitongoji kimoja hakikuwa na mtu wa kuwahamasisha, akapeleka siku moja ya huduma huko. Mhandisi asingeuliza swali hilo, kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

Na wahandisi wasiojua wodi wana vituko vyao. Mfumo unakataa kuendelea mpaka namba ya simu ya mama ijazwe. Mama hana simu. Muuguzi ana watu 40 nje, kwa hiyo anajaza sifuri mfululizo. Mfumo unadai tarehe kamili ya kuzaliwa, bibi aliyemleta mjukuu haijui, basi mtoto anazaliwa Januari mosi. Ukiona wilaya ina watoto wengi mno wa Januari mosi, ujue fomu ilichorwa na mtu aliyekaa mbali.

Mpaka hapo naegemea upande wa muuguzi. Hesabu ikilenga kitongoji, mwache aburute visanduku vyake. Akikosea kidogo, mwezi ujao atarekebisha.

Mambo hubadilika pale orodha inapoanza kumwamulia mtoto mmoja mmoja. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, orodha ya kliniki mbili iliunganishwa kwa kutumia majina. Ilikusudiwa kuwapata watoto waliokosa dozi ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Kifaa kilifanya kilichoambiwa: majina yakifanana, ni mtu mmoja. Mtoto ambaye hakuwa amechanjwa akaonekana amechanjwa, kwa sababu mwenye jina kama lake alichanjwa kliniki nyingine. Hakuna aliyempigia mama yake. Tulijua kwa sababu mama alikuja kwa jambo jingine akiwa na kadi, na mstari wa miezi 18 ulikuwa mtupu.

Fikiri majina yetu ya Mara. Marwa Chacha na Chacha Marwa wanaweza kuwa watu wawili, au mtu mmoja aliyeandikwa kinyume. Bhoke wa Bunda akifika Musoma anakuwa Boke. Halafu kuna Kulwa na Doto: mama mmoja, tarehe moja, simu moja. Ukiiambia zana ifute waliojirudia, inaweza kumfuta mmoja wa mapacha bila kusema neno. Weka hapo kipimo cha VVU cha mtoto mchanga, ambacho sampuli yake husafiri hadi maabara kubwa na majibu kurudi baadaye, uone jibu likienda kwa mtoto asiye wake.

Uingereza, yenye fedha na wataalamu, ilipatwa na hili mwaka 2020. Majibu ya UVIKO-19 yalikuwa yakikusanywa kwenye faili za Excel za aina ya zamani, ambazo hazipokei zaidi ya mistari 65,000 hivi. Faili zikajaa, ziada ikaachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa.

Mhandisi mzuri analipwa kwa kufikiria mambo hayo kabla hayajatokea: umeme ukikatika katikati ya kutuma, je, taarifa zitafika nusu, au mara mbili? Nani alibadilisha mstari huu, lini? Hata maji ya ziwa yanayovutwa kutoka Mugango kwenda Kiabakari na Butiama yamejengewa bomba kuu na wahandisi, ingawa koki ya uani kwako anafunga fundi wa mtaani na inatosha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Halmashauri ziwaache wauguzi na watakwimu wajitengenezee fomu na ripoti, tena ziwafundishe. Lakini bomba lolote linalobeba jina la mgonjwa kutoka kituo hadi kituo lipitiwe na mhandisi, na awepo mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenye dhamana nalo. Kupakia majina na magonjwa ya watu kwenye akaunti ya bure ya mtandaoni kwa sababu ni rahisi, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inakupa haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kudai kosa lirekebishwe.

Itumie haki hiyo. Ukiwa kliniki, omba usomewe jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kompyuta, vilingane na cheti cha kuzaliwa. Uliza namba ya usajili ya mtoto na iandikwe kwenye kadi. Ukihamia kwa wazazi wako kujifungua, sema ulianzia kliniki gani. Kadi ipige picha, halisi itunze. Na kama una mapacha, mwambie muuguzi mapema, kabla hajabonyeza.