Nyaya za Chini ya Kiti Zisikatwe Ovyo

Juzi nilisimama katika gereji moja ya kando ya barabara huko Kongo, Kawangware, fundi alipokuwa aking'oa kiti cha mbele cha gari la jirani yangu, gari la mtumba lililotoka Japani kupitia Mombasa. Chini ya kiti hicho tulikuta sarafu ya yeni 5 yenye tundu katikati, stakabadhi iliyoandikwa kwa Kijapani, na nyaya tele. Fundi alishika koleo.

"Hizi hazina kazi, mwalimu," akaniambia. "Acha nizikate."

Nilimzuia, si kwa ujuzi bali kwa woga. Baada ya kuuliza na kusoma, nimetambua kwamba woga huo ulikuwa na msingi.

Baadhi ya nyaya hizo kwa kweli hazina faida hapa kwetu. Japani madereva wengi hulipia barabara kuu bila kusimama, kwa kutumia kifaa kinachosoma kadi, na mpango huo ulienea kuanzia 2001. Kifaa hicho hufika Nairobi na nyaya zake, nacho huendelea kudai kadi kwa Kijapani kila gari liwashwapo. Nyaya nyingine ni zetu wenyewe: za kifaa cha kugeuza masafa ya redio, maana redio za Japani huanzia megahezi 76 na nyingi hukomea kabla ya stesheni zetu kwisha, au za kifaa cha kufuatilia gari lililonunuliwa kwa mkopo.

Lakini zenye viunganishi vya manjano ni jambo jingine. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa na mikanda ya usalama. Ukizikata, abiria anaweza kukosa kinga siku ya ajali. Ukizichokora betri ikiwa imeunganishwa, mfuko unaweza kulipuka usoni pako.

Kuna pia kijiti chekundu karibu na miguu ya abiria. Sheria ya Japani hulazimisha gari kubeba kifaa cha kuashiria dharura, na fataki hiyo huwaka kwa dakika kadhaa. Katika vichochoro vyetu, mtoto akiiokota ataidhani kichezeo.

Je, tumlaumu fundi? La hasha! Kanuni ya Kenya, KS 1515, hudai gari lisizidi miaka minane na likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Hata hivyo, ukaguzi huo haumfunzi fundi wa Kongo maana ya waya wa manjano. Yeye alijifunza kwa fundi mwenziwe, naye huyo kwa mwingine, tangu enzi za magari yasiyokuwa na mifuko ya hewa.

Pengo hili ni letu walimu pia. Tunafundisha mkondo wa umeme kwa balbu na betri kavu, ilhali nje ya ua la shule kuna gari zima lililojaa mifano. Vyuo vya ufundi navyo vifungue milango jioni, kwa ada nafuu, ili mafundi wa mitaani wajifunze kusoma michoro ya nyaya bila kupoteza riziki ya mchana.

Jirani yangu aliondoka na nyaya zake zote. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Waya usioujua ni hivyo hivyo: usiukate kabla ya kuwasha taa.