Moto ukiwaka kwenye injini ya ndege

Msikilizaji wa Mabawa, si kila ndege ina njia ya kuzima moto wa injini ikiwa angani.

Dash 8 Q400 za Air Tanzania zina injini mbili. Vihisi vilivyozunguka injini vikipata joto la kupita kiasi, taa nyekundu huwaka na kengele hulia. Rubani huvuta mpini, mafuta hukatika, kisha hufungulia chupa ya gesi ya haloni. Moto usipozimika, ipo chupa ya pili. Safari huendelea kwa injini iliyobaki hadi uwanja wa karibu.

Cessna Caravan, ndogo zinazotua Tanga, zina injini moja. Zina king'ora cha moto, lakini injini haina chupa ya kuuzimia. Rubani hukata mafuta na kutafuta pa kutua. Hapo gari la zimamoto uwanjani ndilo tegemeo.