Upasuaji wa kupunguza unene: tiba au anasa?



Mfuko wa misaada wa msikiti hupokea maombi ya kila aina: ada ya mwanafunzi, sanda, kodi ya nyumba ya mjane, nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda KCMC. Karibuni kamati yetu ililetewa ombi la namna nyingine. Familia moja ya hapa Arusha iliomba ichangiwe ili mama wa watoto wanne, mwenye kisukari na magoti yasiyomwezesha kusujudu, afanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Wajumbe tukagawanyika. Baadhi walisema mali ya Waislamu haiwezi kugharimia urembo, na anayetaka kupungua apunguze sahani. Wengine walisema ombi la mgonjwa hujibiwa baada ya kusikia kauli ya daktari. Kwa ridhaa ya mhusika, na bila kumtaja, tunaona swali hili linastahili kuzungumzwa na jamii nzima.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionesha kwamba mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa 2015/16 ulikuta wamefikia 28. Madaktari hupima kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene uliokithiri. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 hufika hapo akiwa na kilo 77.

Ni wepesi kusema kwamba anakula sana. Lakini tuangalie mwili wa mama huyu ulivyojengwa. Kila alipojifungua alilishwa mtori wa nyama na uji wa maziwa, akaambiwa asitoke, na ndugu wa mume wakajisifu kwamba mzazi wao ananawiri. Zamani mwanamke wa Meru alipotoka arubaini alirudi shambani, akapanda na kushuka mlima akiwa na kuni na ndizi mgongoni. Leo anatoka arubaini na kurudi kwenye kiti cha duka pale Kilombero, anakwenda na kurudi kwa bodaboda, na chai yake ina vijiko vinne vya sukari. Tulimnenepesha kwa mapenzi, kisha tukamcheka.

Kejeli hiyo haina mahali katika dini yetu. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat inakataza watu kudharauliana, na inawataja wanawake peke yao wasiwadharau wanawake wenzao. Bi Sauda (r.a.), Mama wa Waumini, alikuwa mwanamke mzito na wa mwendo wa taratibu. Katika Hija aliomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa mapema kabla ya msongamano, na Mtume (s.a.w.) akampa. Bi Aisha (r.a.) naye amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda, kisha baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda, likawa jambo la furaha baina ya mume na mke. Waume wasome visa hivi kabla ya kutamka maneno mbele ya watoto.

Turudi kwenye tiba. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, hutoa huduma ya kuweka puto tumboni, nayo si upasuaji. Puto hupitishwa mdomoni, hujazwa likiwa tumboni, humfanya mtu ashibe upesi, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa. Upasuaji ni jambo zito zaidi. Katika aina moja inayofanywa sana duniani, daktari huondoa takribani robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na sehemu hiyo hairudi tena. Vigezo vya Marekani vya 1991 viliruhusu upasuaji huo kwa aliyefika kipimo cha 40, au 35 ikiwa ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 jumuiya za madaktari wa fani hiyo zilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Dada zetu wawili waliopitia tiba hiyo walizungumza na darsa la akina mama, na tuliomba tuandikiwe waliyosema. Mmoja alisema furaha yake ya kwanza ilikuwa kukaa chini katika tahiyyatu baada ya miaka sita ya kuswali kwenye kiti. Lakini mwezi wa nne nywele zilianza kudondoka, ngozi ya mikono na tumbo ikabaki imelegea, na akila tamu haraka moyo humwenda mbio na jasho kumtoka. Mwingine alisema kilichomwumiza zaidi ni walima. Akiacha pilau sahanini, mwenye shughuli hununa. Kisha yakaja maneno ya mtaani. Alipokuwa mnene alisemwa kwamba amejiachia. Alipopungua akasemwa kwamba ameathirika. Mama yake mzazi alimwuliza kwa kunong'ona kama amepima.

Kuhusu hukumu ya kisheria, wanazuoni hawakutuacha gizani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilijadili upasuaji wa urembo. Liliamua kwamba kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, upasuaji ukiwemo, kunajuzu ikiwa uzito umefikia hali ya ugonjwa, hakuna njia nyingine isiyokuwa upasuaji, na kuna usalama wa kutodhurika. Masharti ni matatu, nayo yanamjibu anayesema kila upasuaji wa unene ni anasa, kama yanavyomjibu anayeutaka kwa ajili ya gauni la harusi.

Kamati ilipima ombi kwa masharti hayo. Barua ya daktari bingwa ilithibitisha ugonjwa. Kumbukumbu za kliniki zilionesha miaka ya dawa na mlo wa kupimwa bila mafanikio. Na hatari zilikuwa zimeelezwa kwa mgonjwa na mumewe. Tulichangia sehemu ya gharama, kama tunavyomchangia mwenye figo au saratani.

Kwa anayefikiria njia hii, tunamnasihi aulize kabla ya kukubali. Atahitaji vidonge vya vitamini na madini na vipimo vya damu maisha yake yote, basi bajeti isiishie siku ya upasuaji. Madaktari hushauri asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, jambo ambalo mume anapaswa kulijua na kuliridhia. Katika miezi ya mwanzo hunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, hivyo kuhusu Ramadhani amsikilize daktari wake. Mgonjwa ana ruhusa katika Surat al-Baqara, na siku hizo atazilipa. Asikope kwa riba, wala asijaribu kwanza dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa barabarani bila jina wala kibali. Na uzito waweza kurudi ikiwa nyumba nzima haikubadili sahani.

Hilo la mwisho ni letu sote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayelazimika kujaza tumbo alifanye theluthi ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Ambaye hajafika kwa daktari wa upasuaji bado ana nafasi ya kuanzia hapo, na ni bora familia ianze pamoja: mume atembee na mkewe baada ya Alfajiri, na sukari ipunguzwe katika birika la wote, si katika kikombe cha mama peke yake.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.