Leza ya kujitengenezea isikatazwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaase vijana wa hapa Mpanda na kwingineko wenye hamu ya kujiundia leza ya rangi, ile ambayo rangi iliyoyeyushwa katika spiriti ndiyo hutoa mwanga. Ilivumbuliwa mwaka 1966. Kulinganisha vioo vyake viwili ni subira tu: mwali wa tochi ndogo ya leza ukirudi ulikotoka, vimekaa sawa. Hatari ni kapasita. Huweza kubaki na maelfu ya volti hata swichi ikizimwa, na umeme huo huua. Wengine watasema vijana wakatazwe. Siafiki, maana watajificha vyumbani. Shule na vyuo vya ufundi viwafungulie karakana Jumamosi, fundi umeme awepo, na miwani ya kukinga macho ipatikane.

Mpenda Fizikia,
Mpanda, Katavi.